Kwa nini rolakosta zinazidi kwenda juu, na kama mawe ya Mwanza yangefaa

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu Nyakato. Mwanangu wa darasa la sita amenionyesha kwenye simu ile rolakosta mpya ya Saudia, treni ya bustani ya michezo inayopanda na kuporomoka kwenye reli, ananiambia hakuna iliyo juu kuliko hiyo duniani. Anataka kujua kwa nini wenzetu wanashindana kwenda juu, kama kuna mahali watafika washindwe, na kama sisi hapa Mwanza hatuwezi kujenga yetu juu ya haya mawe. Nilimwambia nitamtafuta mtu anayejua. – Baba wa Nyakato

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umempata mtu aliyezeekea kwenye winchi. Nimekagua kamba za chuma, puli na breki migodini huku Kanda ya Ziwa, kisha kwenye yadi za boti, na rolakosta ukiivua rangi na taa zake ni ndugu wa mitambo hiyo hiyo. Kuna kitu kizito kinapandishwa juu, kinaachiwa, na ndani yake kuna watu.

Nianze na mwanao, kwa sababu mchezo huu anaujua kuliko anavyodhani. Pita kwenye mawe ya Mabatini saa kumi na moja jioni. Utauona mwamba mmoja wenye mteremko umeng'aa katikati kama uliopakwa mafuta. Haukung'arishwa na mvua, bali na makalio ya watoto. Mmoja anakuja na ubavu wa dumu la lita 20 uliokatwa kwa kisu, anaukalia, anakunja kingo zake kwa mikono miwili, mwenzake anamsukuma mgongoni. Anateleza mita nane au kumi, vumbi nyuma yake, na akikaribia chini anatanguliza visigino, ndiyo breki. Halafu anapanda tena na dumu lake kwapani. Nilisimama pale siku moja nikisubiri mvua ipite, nikagundua kitu: hakuna mtoto aliyeridhika kuanzia pale alipoanzia mwenzake. Kila zamu ilipanda hatua moja. Walipofika mahali ambapo jiwe linasimama wima kabisa, walikaa wakabishana nani athubutu.

Jibu la swali lake la kwanza ni hilo, mengine ni pesa na chuma.

Warusi walifanya hivyo hivyo karne ya 18, ila wao kwa barafu. Walisimamisha majukwaa ya mbao jirani na St. Petersburg, wakayamwagia maji yagande, wakateleza. Ndiyo maana mpaka leo Wafaransa na Wahispania wakitaja rolakosta wanasema "milima ya Kirusi". Mwaka 1817 Paris ikapata zenye magurudumu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua yake Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Ilikuwa na kimo cha mita 15 na mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Bodaboda wa Buzuruga akiwa kwenye foleni anamwacha.

Kilichofungua mlango wa kwenda juu ni kitu ambacho wewe kama fundi utakifurahia. Magurudumu ya zamani yalikaa juu ya reli tu. Ukipita kilele kwa kasi, behewa linataka kuendelea moja kwa moja hewani wakati reli inainama, kwa hiyo ilibidi vilele vyote viwe vya upole. Mwaka 1919 John Miller akapata hataza ya gurudumu linalokaa *chini* ya reli. Tangu hapo behewa limeikumbatia reli kama ngumi: gurudumu juu, gurudumu ubavuni, gurudumu chini. Likitaka kuruka haliwezi. Chora kwenye ubao wa karakana umwonyeshe kijana. Ni kitu kidogo, na bila hicho hata mita 50 usingepanda na ukarudi nyumbani.

Sasa mbio zenyewe. Mwaka 1989 bustani ya michezo ya Cedar Point, jimbo la Ohio, Marekani, ikafungua Magnum XL-200, mita 62. Kwa mara ya kwanza njia kamili ya kuzunguka, inayorudi ilipoanzia, ilipita futi 200 kwenda juu, na foleni ikawafundisha wenye bustani kwamba namba ikiandikwa kwenye bango inaleta watu kuliko utamu wa safari. Mei 2000 hao hao wakafungua Millennium Force, mita 94.5. Rekodi haikumaliza miezi mitatu, kwani Agosti Wajapani walifungua Steel Dragon 2000 kule Nagashima, mita 97. Wamepishana mita mbili na nusu, yaani kimo cha mlango wa duka na fremu yake! Cedar Point ikarudi mwaka 2003 na Top Thrill Dragster, mita 128. Mwaka 2005 Six Flags Great Adventure ya New Jersey ikasimamisha Kingda Ka, mita 139, mwendo wa kilomita 206 kwa saa.

Kuna jambo hapo halisemwi sana. Millennium Force, Top Thrill Dragster na Kingda Ka zote zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, Intamin wa Uswisi. Na hiyo ya Saudia aliyoiona mwanao pia. Bustani zinapokezana kombe, muuza chuma mara nyingi ni yule yule.

Niruhusu nikae kidogo kwenye Kingda Ka, maana ndani yake mna winchi. Haikuwa na mnyororo wa kupandisha. Pampu zilisukuma mafuta ya haidroliki yakabana gesi ya nitrojeni kwenye mitungi. Mlio ukitoka, gesi inatanuka, mafuta yanazungusha mota, mota inazungusha pipa, pipa linavuta kamba ya chuma, na kamba inakokota kitoroli kilichoishika treni. Kutoka kusimama hadi kilomita 206 kwa saa ilikuwa sekunde tatu na nusu. Nimeona winchi ikikata kamba kwa mzigo wa kuvutwa polepole, kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza namna ile ilivyofanya kazi sikufikiria kimo. Nilifikiria kamba ile, na jinsi inavyoamka na kulala kila baada ya dakika chache kutwa nzima. Haikuchukua muda. Ilifunguliwa Mei 2005, na kabla ya majuma matatu kutimia boliti ikaachia kwenye njia ya kamba, mtambo ukafungwa mpaka Agosti. Boliti, mdogo wangu! Si mnara.

Halafu kuna hesabu ambayo mbio hizi haziwezi kuikwepa. Kasi ya kushuka haipandi sambamba na kimo. Ukitaka kasi mara mbili, unahitaji kimo mara nne. Magnum kwa mita zake 62 inafika kilomita 116 kwa saa. Ukitaka 232 kwa kuachia tu, unahitaji kama mita 250, na hapo sijahesabu upepo wa usoni, ambao nao unakua haraka kuliko mwendo wenyewe. Kwa hesabu tupu ya darasani, treni inayotoka chini kwa kilomita 188 kwa saa inafika mita 139. Kingda Ka ilirushwa kwa 206, na bado siku nyingine ilikosa pumzi pale kileleni, ikasimama kidogo kama inafikiri, ikarudi kinyumenyume. Waliipangia hilo. Kwenye njia huinuka mapezi ya metali, treni ina sumaku chini, na sumaku zikipita kwenye mapezi zinazuiwa bila kugusana na bila umeme. Uzuri wa breki hiyo ni kwamba kadiri unavyokuja kwa nguvu ndivyo inavyokuzuia kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba kusimamisha kabisa haiwezi, hapo lazima breki ya kubana imalizie.

Na chini kabisa, pale treni inapoacha kushuka na kulala, ndipo pesa zinapoteketea. Tuseme hutaki abiria asikie zaidi ya mara nne ya uzito wake. Mtu wa kilo 70, hiyo ni kama magunia mawili ya mahindi na ushee yamemkalia mapajani. Kwa kilomita 116 kwa saa unahitaji pindo lenye nusu kipenyo cha mita 35. Kwa 206, pindo hilo hilo linataka mita 110. Eneo linakua, chuma kinakua, viungo vya kuchomelea vinakua, na kila kiungo lazima mtu akikague. Abiria anapata nini? Safari ya Kingda Ka ilikuwa chini ya nusu dakika. Mimi nikipanga foleni kwa saa mbili nzima nataka nikae kwenye kiti muda wa kutosha hata kusahau nilipoweka viatu.

Unajua zilivyoishia? Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni ya Top Thrill Dragster kikampiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya. Haikufunguliwa tena kwa umbo lile. Ilirudi Mei 2024 ikiwa na mtambo mwingine wa kuirusha na mnara wa pili, ikafanya kazi siku chache, ikafungwa msimu mzima uliobaki. Kingda Ka ilifungwa Novemba 2024, na tarehe 28 Februari 2025 mnara wake ukalipuliwa kwa baruti. Miaka ishirini haikutimia. Mwishoni mwa mwaka huo huo Saudia wakafungua Falcons Flight kule Qiddiya, karibu na Riyadh: kimo cha mita 195, mwendo wa kilomita 250 kwa saa, njia ya mita 4,250. Kwa sisi watu wa huku, njia hiyo ni ndefu kuliko Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3. Kwa mwendo ule, daraja lote lingeisha kwa sekunde 43. Wewe na mimi tumelala foleni ya kivuko pale.

Kama kuna mahali watafika washindwe? Chuma hakijashindwa. Watu wanasimamisha minara mirefu zaidi ya hiyo kila siku, ya simu na ya maghorofa. Mwili wa binadamu nao haujali kimo wala kasi, kwenye ndege unakwenda kilomita 800 kwa saa ukinywa soda. Mwili unajali *mabadiliko*: umesukumwa ghafla kiasi gani, kwa muda gani, kuelekea upande gani. Fuji-Q Highland ya Japani walikuwa na mtambo uliofika kilomita 180 kwa saa ndani ya sekunde 1.56. Mwaka 2021 ukasimamishwa baada ya abiria kadhaa kuripoti kuvunjika mifupa, na haukurudi tena. Kimo chake hakikukaribia hata nusu ya Kingda Ka. Kwa hiyo mimi naona kikomo kitatoka kwa mhasibu kabla hakijatoka kwa mhandisi. Mtambo wa namna hii ukilala siku mbili kwa wiki kwa sababu ya upepo au kipuri, bango halilipi mishahara.

Swali la tatu ndilo lililonifanya nikae niandike kirefu.

Kule Ohio kuna bustani nyingine, Kings Island. Mwaka 1979 mafundi wa bustani yenyewe walijenga rolakosta ya mbao wakaiita The Beast. Mnara wake wa kwanza una mita 34 tu. Ila walikuwa na msitu wenye mabonde na vilima, wakaitupia njia humo humo. Mteremko unaoanzia juu ya mnara unaendelea kushuka bondeni, kwa hiyo treni inaanguka zaidi ya mita 40 kutoka kwenye mnara wa mita 34. Njia ina mita 2,243, na mpaka leo hakuna ya mbao iliyoipita kwa urefu. Safari inapita dakika nne. Halafu mwaka 2000, bustani ile ile, kwa homa ya rekodi, ikajenga Son of Beast, yaani mtoto wake: ya mbao pia, mita 66 kwenda juu, na duara la kupindua watu juu chini. Mwaka 2006 mbao ilipasuka, treni ikapita kwa mshtuko, watu zaidi ya ishirini wakaumia. Duara likaondolewa. Mwaka 2009 ikafungwa, 2012 ikabomolewa. Baba bado anapakia abiria.

Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia The Beast ilitumia ardhi iliyokuwepo. Hata Wasaudia, pamoja na pesa zao zote, njia yao wameipitisha kwenye jabali la Tuwaiq. Mlima ni mnara usiohitaji kuchomelewa wala kupakwa rangi. Na Mwanza, mdogo wangu, tunayo minara hiyo mpaka inatukwaza. Tumejenga nyumba juu yake kwa sababu hatuna pa kuikwepa.

Lakini mnara wa mita mia hapa, hapana. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Unazijua zile jioni za Aprili, wingu linatoka ziwani jeusi kama masizi, na kabla hujaanua nguo linapiga. Rolakosta yoyote inasimamishwa radi ikikaribia, na upepo ukizidi kiwango. Mnara wako ungekuwa mapambo nusu ya masika. Unyevu nao hauna huruma. Wewe mwenyewe unajua geti lililopakwa rangi moja bila praima linavyotoka kutu mwaka wa pili, na linaanzia wapi: kwenye ncha ya kiungo, pale slagi, lile ganda la kuchomelea, haikugongwa ikaisha. Mwaka 2023 Fury 325, mita 99, kule North Carolina, nguzo yake moja ilipasuka, pengo likawa linafunguka na kujifunga treni ikipita. Aliyeliona na kulirekodi kwa simu alikuwa mgeni wa kawaida aliyekuja kutembea. Kama hilo linawapita watu wenye wakaguzi wa kila asubuhi, sisi tuanze na kitu ambacho jicho la fundi linakifikia kwa ngazi.

Kitu hicho kipo. Kwenye milima ya Alps wana vitoroli vya mtu mmoja au wawili juu ya reli ya mabomba, futi chache kutoka ardhini, vinavyofuata mlima ulivyo. Unavutwa juu kwa kamba, unaachiwa, na mkononi una wenzo wa breki unaouamua mwenyewe. Mwendo ni kama kilomita 40 kwa saa. Ukipita katikati ya mawe mawili makubwa kwa mwendo huo, ukiwa karibu hivyo na ardhi, utaapa ni mia. Mimi ningeichora kutoka mgongo wa kilima chochote kinachoangalia ziwa, ipite pembeni ya majabali bila kulivunja hata moja, ipinde ghafla ambapo abiria anaona maji tupu mbele yake. Hapo ndipo tumbo linabaki nyuma, na halihitaji mita 195.

Umeme ukikatika? Watu wengi huniuliza hilo wakicheka, lakini ni swali zuri. Breki nzuri za mitambo hii zinafungwa na springi na kufunguliwa na hewa. Hewa ikiisha zinajifunga zenyewe. Na ule mlio wa tak-tak-tak unaousikia treni ikipanda na mnyororo ni ulimi wa chuma unaoanguka kwenye meno, ili mnyororo ukikatika treni isirudi. Kwenye winchi tunao pia.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Sikukuu moja ya Idi nilimpeleka mjukuu kwenye bembea za kuzunguka, zile za msimu, hapa hapa mjini. Nikainama kuangalia, mazoea ya kazi. Kiti cha tatu, pale palipotakiwa kukaa pini ya kufungia nati, palikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo, kimesokotwa mara mbili. Nilimwita mwenye mtambo. Akaniambia, "Mzee, huo waya una miaka." Alikuwa anasifia. Mtambo ule haukuzidi mita nne kwenda juu. Tukifika mahali ambapo waya ule unamkosesha mtu usingizi, nitakuja mimi mwenyewe kushika futi tupime kilima.

Kwa sasa Jumapili hii mchukue mwanao, tafuteni mwamba wao wenye mng'aro, upime mita kumi kwa kamba, umwachie dumu, ushike saa ya simu. Mita kumi kwa sekunde tatu ni kilomita 12 kwa saa, amempita Thompson wa 1884. Ila avae viatu, na wewe kaa chini pale anapotanguliza visigino.